Mikayi Hajapanda

Mvua ya masika ilianza kunyesha kwetu Seme siku ya Jumatatu, na kufikia Alhamisi kila shamba nililoweza kuliona nikiwa mlangoni kwa mama yangu lilikuwa limepandwa, isipokuwa letu. Na letu ndilo lililokuwa limetayarishwa kuliko yote. Ng'ombe walikuwa wamelilima mara mbili, udongo umevunjika, magugu yamechomwa. Mbegu ya dukani ilikuwa chini ya kitanda cha mama, na mbolea ya kupandia ilikuwa kwenye kona, juu ya mawe mawili isishike unyevu. Hatukukosa kitu. Tulichongoja ni mtu mmoja achukue jembe achimbe shimo la kwanza, na mtu huyo alikuwa ameketi mlangoni pake, hatua arobaini kutoka kwetu, akichambua mboga.

Alikuwa mke wa kwanza wa marehemu baba yangu. Kwetu mke wa kwanza huitwa mikayi, na hivyo ndivyo nitakavyomwita. Mama yangu ni mke wa pili. Katika boma la Mjaluo, mikayi ndiye anayetoa mbegu. Anapanda yeye kwanza, hata kama ni mashimo matatu tu, halafu mke wa pili anapanda, halafu wake za wana. Wakati wa kuvuna ni vivyo hivyo. Ukimruka, umeita chira, ugonjwa unaomkausha mtu polepole na ambao hospitali ya Kombewa haina jina lake. Na ubaya wake ni kwamba mara nyingi haumshiki aliyekosa. Unashika mtoto wake.

Mimi nimefika kidato cha nne. Nimeishi Nyalenda, mjini Kisumu, miaka kumi na moja nikisuka nywele za watu. Nikiwa mjini, mtu akinitajia chira namcheka. Lakini ni rahisi kucheka ukiwa umekodisha chumba na huna shamba.

Kosa lililotufikisha hapo lilitoka mdomoni mwangu, miezi michache kabla ya mvua. Nilikuwa nimerudi nyumbani kwa sababu saluni niliyofanyia kazi ilifungwa. Wakati huo shirika fulani lilikuwa likizunguka vijijini kuandika familia ambazo zingetumiwa pesa kwa simu, pesa za bure, zisizo za kurudisha. Watu walisema mengi. Kuna waliosema ni pesa za shetani, kwamba ukizipokea utaamka ukute nyoka kitandani. Jirani yetu mmoja alijifungia ndani walipobisha kwake, kisha wiki mbili baadaye akaja kutuuliza kwa sauti ya chini ofisi yao iko wapi.

Kwetu alitumwa msichana mmoja mwenye tableti, mtu wa upande wa Mlima Kenya, mpole, viatu vimejaa tope. Dholuo, lugha yetu, alijua salamu tu. Mikayi naye Kiswahili anakisikia nusunusu. Nikawa mkalimani. Tulikuwa tumeketi nje ya nyumba ya Mikayi, yeye na mama wakipukuchua mahindi.

"Shosho, habari ya leo? Sasa, hapa kwenu ni nyumba ngapi?"

Shosho ni nyanya kwa watu wa kwao, na kwa nyumba alimaanisha familia. Nilimgeukia Mikayi nikamwuliza kwa Dholuo. Mikayi akajikaza kitini, akafunga leso vizuri kiunoni, akajibu namna mwanamke mkubwa anavyopaswa kumjibu mgeni.

"Dala en achiel," alisema. Boma ni moja.

Mtu wa kwetu angeelewa mara moja. Mikayi haligawanyi boma mbele ya mgeni. Akianza kuhesabu hii yangu, ile yake, ni kama anatangaza kwamba mume wake aliacha wanawake wasioweza kula pamoja. Ndani ya boma hilo moja kuna nyumba mbili, kila moja na moto wake, shamba lake na watoto wake, na hilo halihitaji kusemwa. Msichana hakuwa mtu wa kwetu. "Anasema ni moja," nikamwambia, na akaandika moja.

"Nani ako na simu na kitambulisho?"

Ni mama.

"Basi mama ndio nitaandika kama mkubwa wa nyumba. Na huyu shosho ni nani wenu?"

"Ni mama yetu," nilisema.

Na sikusema uongo. Mke wa kwanza wa baba ni mama wa watoto wote wa boma. Hata mama yangu mwenyewe humwita mama akitaka kumwomba kitu. Niliona kidole cha yule msichana kikitafuta kwenye kioo, kikapita maneno mengine, kikasimama kwenye neno "nyanya," kikabonyeza.

Nimejiuliza mara nyingi kama nilijua kilichofanyika. Jibu la haki ni kwamba nilijua nusu. Ningeweza kusema, dada, subiri, hapa ni nyumba mbili. Lakini ningekuwa ninamsahihisha Mikayi mbele ya mgeni, na kwetu huo ni utovu wa adabu. Hiyo ndiyo sababu ninayopenda kuitaja. Sababu nyingine siipendi. Tangu nikiwa mdogo nimemwona mama akisubiri: asubiri kupanda, asubiri kuvuna, asubiri hata kusalimiwa na wageni. Siku hiyo jina lake lilitangulia, na mimi nilifurahi.

Malipo ya kwanza yaliingia asubuhi moja mama akiwa anakamua ng'ombe wa Mikayi. Aliusoma ujumbe mara tatu, kisha akaosha mikono na kuipeleka simu kwa Mikayi akiwa ameishika kwa mikono miwili, kama mtu anayepeleka chakula.

Mikayi alicheka kwa furaha ya kweli. "Hiyo ni ya nyumba yako," alisema. "Nunua mbegu. Yangu inakuja. Si walituandika sisi wote?"

Mama akamwamini, kwa sababu mama hakuwa ameona kioo. Alikodi ng'ombe wa kulima, na wakaanza na shamba la Mikayi, ndipo wakaja letu, sawasawa na utaratibu. Mikayi aliwapikia uji watu waliokuja na ng'ombe. Kila Jumapili tukitoka kanisani aliniambia nimpigie mwanawe anayekaa Kaloleni, mjini Kisumu, nimwulize kama pesa ya mama yake imeingia kwenye simu yake. Nikapiga. Haijaingia. "Labda wako na watu wengi," Mikayi alisema. Jumapili ya tatu nilijifanya sina chaji.

Halafu, Jumamosi kabla ya mvua kuanza, kijana mmoja wa shirika akaja kuuliza tunaendeleaje. Huyu alikuwa Mjaluo kama sisi, mwenye heshima, na alikataa kiti mpaka akapata kumsalimia kila mtu. Mambo yalikuwa mazuri. Aliuliza pesa zilitumika vipi, mama akamwonyesha shamba. Aliuliza kama kuna mtu alitudai hongo, mama akasema hapana. Kisha akatazama simu yake, akauliza kwa Dholuo safi, kila neno likisikika:

"Na dayo mnayemtunza, anaendeleaje? Anapata chakula vizuri?"

Dayo ni nyanya. Mikayi alikuwa ameketi pale pale.

"Dayo gani?" Mikayi aliuliza.

Kijana akatabasamu. Alidhani mzee anatania. "Si ni wewe, mama? Hapa imeandikwa nyanya, hana nyumba yake, anategemea mwenye nyumba."

Mikayi aligeuka akatazama nyumba iliyokuwa nyuma yake, nyumba aliyojengewa kabla mama yangu hajajua njia ya kuja Seme. Kijana aliendelea kuongea na mama kwa upole ule ule: malipo ya pili yangeingia mwisho wa mwezi kama maandishi hayana shida. Kukiwa na shida, tupige namba iliyo kwenye kadi, ni bure, watasimamisha malipo kidogo waangalie. Alinipa mimi kadi. Alipoondoka, Mikayi alikuwa ameshaingia ndani na kufunga mlango.

Jumatatu mvua ikanyesha, mvua nzuri, ya kuingia ardhini. Mama aliamka akavaa viatu vya mpira, akakaa mlangoni akingojea kumwona Mikayi na jembe. Mikayi alitoka na beseni, akateka maji ya mvua, akarudi. Jumanne vivyo hivyo. Jumatano mama akavuka uwanja akaenda kwake, na mimi nikamfuata nyuma kidogo.

"Mama," mama yangu alisema, "mvua imekuja."

"Nimeiona."

"Tunakungoja."

"Mnaningoja mimi?" Mikayi hakupaza sauti. Ingekuwa nafuu kama angepaza. "Nyanya anayetunzwa haendi shambani. Mwenye boma apande. Ameandikwa."

"Mimi sikusema hivyo."

"Basi yupo aliyesema."

Hakunitazama. Mama ndiye aliyegeuka akanitazama, na jioni ile nikamweleza yaliyotokea, yote isipokuwa kidole na kioo. Nilisema msichana alikosea. Mama alifikiri kidogo, akasema, "Si kuna namba? Piga waandike vizuri. Kesho atapanda."

Ilikuwa rahisi hivyo. Nilikuwa na kadi, nilikuwa na simu, na kupiga ni bure.

Lakini mama alikuwa ameniahidi sehemu ya malipo ya pili. Ningerudi mjini, nikodishe kibanda, ninunue viti viwili na mashine ya kukaushia nywele, niache kusukia watu kwenye saluni ya mwingine. Kibanda nilikuwa nimeshakiona. Nilijua rangi nitakayokipaka. Na kijana alisema wazi kwamba maandishi yakiwa na shida wanasimamisha malipo. Mwisho wa mwezi ulikuwa umebaki siku kumi na mbili. Nikajiambia, mvua haiishi kwa siku kumi na mbili. Pesa iingie kwanza, halafu nitapiga, Mikayi atapanda, na hakuna atakayekuwa amepoteza.

Alhamisi nilienda nyuma ya choo nikiwa na simu, nikasimama huko kwa muda wa kutosha, nikarudi. "Laini ina watu wengi," nilimwambia mama. "Nitajaribu kesho."

Ijumaa nikasema hawashiki. Jumamosi nikasema hawafanyi kazi Jumamosi. Nilishangaa jinsi uongo wa pili unavyokuja kwa urahisi kuliko wa kwanza.

Mama naye alihangaika kwa upande wake. Alimpelekea Mikayi nusu ya pesa iliyokuwa imebaki. Ikarudishwa kabla hajakaa. Jumapili alimwomba mchungaji aje, na mchungaji akaja, akasali, akasema Mungu hajaweka mpangilio wa kupanda, kila mwenye mbegu na apande. Mama alimshukuru, akampa kuku. Alipoondoka nikasema, "Umesikia? Tupande."

"Mchungaji analala kwake," mama alisema.

Jumatatu ya pili mahindi ya majirani yalikuwa yametoka. Kutoka mlangoni uliona mistari ya kijani kila upande, na katikati pale, shamba letu jekundu, tupu. Watu waliokuwa wakipita barabarani kwenda Kombewa walipunguza mwendo. Mwanamke mmoja aliuliza kwa sauti kama kuna msiba. Hasira ikanipanda. Nilimkasirikia Mikayi na kiburi chake, nikaikasirikia mila, nikamkasirikia yule msichana wa tableti, yaani kila mtu isipokuwa aliyestahili. Nikachukua jembe na kikombe cha mbegu, nikaingia shambani.

Nilikuwa nimeinua jembe mara moja tu. Mama alikuja akikimbia, na mama yangu hakimbii. Aliushika mpini, tukavutana kama watoto, kikombe kikaanguka na mbegu zikatawanyika kwenye udongo. Akapiga magoti akaanza kuziokota moja moja, akipapasa kwenye matope, akihakikisha hakuna hata moja iliyobaki ardhini.

"Unataka kumzika nani?" aliniuliza akiwa chini. "Sema. Mimi nimezika wawili katika boma hili. Pengine ilikuwa malaria. Daktari alisema ni malaria. Lakini mwaka ule nilivuna mtama kabla ya Mikayi, siku moja tu, kwa sababu ndege walikuwa wanaumaliza. Siku moja. Sitajaribu tena nione kama daktari alisema kweli."

Hakuwahi kuniambia hivyo. Wale wawili walikuwa kaka zangu, na mimi nilizaliwa baada yao. Nilimsaidia kuokota mbegu. Nilikuwa naogopa, na bado sikupiga simu.

Jumanne haikunyesha. Jua liliwaka tangu asubuhi, na upepo wa kutoka ziwani ukaanza kukausha udongo wa juu ukawa na ganda. Mama alienda shambani mara tatu kuupima kwa kidole. Jioni aliniuliza, "Bado hawashiki?" Nikasema bado. Alitikisa kichwa kwa masikitiko, akiwasikitikia watu wa shirika kwa kazi nyingi waliyo nayo. Hilo ndilo lililonikosesha usingizi.

Jumatano asubuhi niliamka nikakuta amevaa nguo zake za kwenda sokoni. Mbolea ilikuwa mlangoni, na mbegu ilikuwa juu yake, imefungwa kwa kamba. Alikuwa ameita mtu wa boda.

"Unaenda wapi?"

"Kombewa. Mwenye duka akikubali kurudisha, hata kwa nusu bei, nitanunua mahindi ya kula. Nikikaa nayo, mbolea itaharibika na mvua itakuwa imeisha. Nitakosa vyote viwili."

Alisema bila machozi, kama mtu aliyepiga hesabu usiku kucha ikamtokea hivyo. Nilisikia boda ikipanda mlima kuja kwetu. Nilifikiria kibanda changu na rangi yake, na nikaona aibu mpaka masikio yakanichoma.

"Weka chini," nilisema. "Napiga."

"Si hawashiki?"

"Watashika."

Mama alinitazama kwa muda ambao boda ilichukua kufika na kuzima injini, na nikajua ameelewa siku zote sita, moja baada ya nyingine. Alimlipa mtu wa boda nauli ya kuja bure, akamwambia aende.

Tulivuka uwanja pamoja. Nilisimama mbele ya Mikayi, aliyekuwa ameketi mlangoni pake, nikaomba ruhusa ya kuketi, akaendelea kuchambua mboga, tukabaki tumesimama. Nikaweka simu kwenye spika. Ilishikwa mara ya kwanza, kabla hata haijaita mara mbili.

"Habari, nikusaidie aje?" Ilikuwa sauti ya mwanamke, Kiswahili cha mjini.

Nilieleza. Nilisema maandishi ya boma letu yamekosewa na aliyeyakosesha ni mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa natafsiri. Nilisema polepole, kisha nikarudia kila kitu kwa Dholuo ili Mikayi asikie.

"Sasa huyo shosho si mama ya mama yako?"

"Hapana. Ni mke wa kwanza wa baba. Yeye ndiye mkubwa wa boma."

"Lakini mnaishi nyumba moja."

"Ni nyumba mbili. Ana nyumba yake, ana shamba lake, ana jiko lake. Mama yangu ndiye wa pili."

Nilisikia vidole vikigonga. "Na siku ya kuandikwa mbona hamkusema?"

"Niliona anaandika nyanya," nilisema. "Nikanyamaza." Na hilo pia nikalirudia kwa Dholuo, huku Mikayi na mama wote wawili wakisikia. Sikumbuki neno lililowahi kuwa gumu hivyo kutoka mdomoni mwangu.

"Sawa. Asante kwa kusema ukweli. Sasa itabidi tusimamishe malipo mpaka mtu akuje aangalie. Inaweza kuchukua muda."

"Muda gani?"

"Siwezi kukuahidi."

Mama alifumba macho, akayafumbua. Mikayi aliuliza, "Amesema nini?" Nikamwambia. Akanyoosha mkono apewe simu. Aliishika mbali na uso, akaongea kwa Kiswahili chake, kwa sauti ya juu ya mtu asiyeamini mashine.

"Weye msichana! Unasikia? Hapa nyumba ni mbili. Mbili! Andika yangu, halafu andika ya huyu mama ingine. Yake usifute. Yeye alipiga hii kazi yote, alilima mpaka yangu. Ukifuta yake nitakuja huko kwenu na mguu."

"Sawa, mama," sauti ilisema, na safari hii haikusema shosho. "Nimeandika."

Mikayi alinirudishia simu. Nilianza kuomba msamaha, na nilikuwa nimetayarisha maneno mengi, lakini aliinuka, akaingia ndani. Tulisikia akisogeza vitu. Alitoka na jembe lake fupi lililochakaa na hindi zima lililokuwa jeusi kwa moshi, mbegu aliyoitundika juu ya moto tangu mavuno ya mwaka uliopita. Akamwambia mama, "Njoo na zako. Jua linapanda."

Alichimba mashimo kwenye shamba lake, matatu, halafu akachimba mengine kwa kuwa mkono ulikuwa umeshazoea. Udongo wa juu ulikuwa mgumu, alilazimika kupiga mara mbili kila shimo. Akasimama, akatazama upande wa mama, akampungia mkono. Mama akaingia shambani mwake na kuanza.

Tulipanda siku ile, na Alhamisi, na Ijumaa, na Jumamosi. Shamba ni kubwa na mikono ilikuwa minne tu, kwa sababu majirani ambao wangetusaidia wiki iliyotangulia sasa walikuwa wakipalilia kwao. Mvua ilirudi Alhamisi ikatupa matumaini, ikanyesha vizuri siku chache, kisha ikaanza kuchelewa. Ilikatika mapema mwaka ule. Kila mtu alilalamika, lakini wale waliopanda siku ya kwanza walilalamika kwa sauti ndogo.

Shirika lilituma mtu baada ya miezi miwili na zaidi. Nilitaka kumtafsiria, mama akaniambia nikaangalie moto. Nikiwa jikoni niliwasikia yeye na Mikayi wakijibu wenyewe, Mikayi kwanza, kisha mama, kila mmoja akitaja nyumba yake. Malipo yaliingia wakati mahindi yakikauka, kwa mama yote yaliyobaki, na kwa Mikayi yake kamili, kwenye simu mpya aliyonunuliwa na mwanawe. Hakuna kilichopotea. Kama ningepiga simu ile jioni ya Jumatano ya kwanza, ingekuwa hivyo hivyo, tofauti ni mahindi tu.

Mikayi alivuna kwanza, siku moja. Siku iliyofuata tukaanza letu. Sehemu ya juu, karibu na nyumba, ilikuwa na magunzi ya kuridhisha. Tukishuka kuelekea ua, magunzi yakawa madogo, halafu yakawa na punje hapa na pale, halafu yakaisha kabisa. Mistari ile ya chini, tuliyopanda Ijumaa na Jumamosi, ilikuwa imetoa maua na kukauka bila kuzaa chochote. Mabua matupu, mpaka uani. Niliihesabu ile mistari peke yangu, ingawa hakuna aliyeniomba. Nilijua ni ya nani.

Mama alikuwa akiyakata yale mabua kwa panga ili ng'ombe wapate kula. Zile siku sita hakuwahi kunitajia, si siku ile niliyopiga simu, si baadaye. Nilichukua panga lingine nikaingia mstari uliofuata. Tulikata mpaka mwisho wa mstari. Kisha akasimama, akafuta mikono kwa leso, akatoa simu yake kifuani, akabonyeza polepole kama kawaida yake, akairudisha. Simu yangu ikalia mfukoni.

"Ni ile ya kibanda," alisema. "Nilikuwa nimekuahidi."

Niliangalia. Ilikuwa yote, haikupunguzwa hata senti. Nilitaka kumwambia airudishe, anunue mahindi, kwa sababu nilijua gunia tulilopata halingetufikisha msimu mwingine. Lakini alikuwa ameshainama tena, panga linakata, na mabua yalikuwa bado mengi.